Taka zinazooza zisisafirishwe hadi jalalani

Napenda kutoa maoni yangu juu ya uzoaji wa taka katika jiji la Dar es Salaam na katika miji yetu mingine inayokua kwa kasi. Suala hili limeandikwa sana na viongozi wamelisemea sana, lakini sehemu yake moja bado haijapewa uzito unaostahili. Sehemu hiyo ni taka zinazooza: maganda ya ndizi na mihogo, majani ya kabichi, nyanya zilizoharibika, machicha ya nazi, mabaki ya vyakula vya mama ntilie, na majani ya migomba yanayofungiwa mizigo sokoni. Nitaeleza kwa nini naona taka hizo hazistahili kupandishwa kwenye lori na kupelekwa mbali, na nitapendekeza hatua ambazo halmashauri, serikali za mitaa na sisi wananchi tunaweza kuzichukua bila kungoja mfadhili.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishitaki jiji, kwa sababu jalala lililokuwa katika eneo lao lilikuwa likiwaletea moshi, harufu na nzi. Mahakama iliamuru taka zisitupwe tena pale. Jiji likaomba muda, likaomba tena, hadi mwaka 1991 Mahakama Kuu ilipokataa kuliongezea. Taka zikahamia Vingunguti. Huko nako wananchi wakalalamika, na mwaka 2001 zikapelekwa Mtoni. Baada ya Mtoni ikawa zamu ya Pugu Kinyamwezi, umbali wa kama kilometa 30 kutoka katikati ya jiji.

Ukiitazama historia hiyo utaona kwamba kila mara tulihamisha jalala, lakini mzigo wenyewe ulibaki ule ule, na kila mara ulizidi kuwa mkubwa. Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Makadirio ya taka zinazozalishwa ni zaidi ya tani 4,000 kwa siku moja. Hakuna bonde wala machimbo ya mchanga yatakayoweza kumeza mzigo kama huo siku zote. Na kila jalala linapohamishwa linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo dizeli inayotumika inaongezeka, na gari lililokuwa likienda safari nne kwa siku linaishia kwenda mbili. Taka zilizobaki ndizo tunazozikuta mtaroni wakati wa mvua.

Sasa tujiulize, ndani ya lori hilo kuna nini? Uchunguzi uliofanywa kwa nyakati mbalimbali katika jiji letu umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya taka za majumbani na masokoni ni zile zinazooza. Na taka za namna hii sehemu yake kubwa ni maji. Chukua tikiti maji la kilo kumi: zaidi ya kilo tisa humo ni maji matupu. Kabichi na nyanya nazo ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba jiji linanunua dizeli, linachakaza matairi na kulipa madereva, ili kusafirisha maji ya matikiti na kabichi kutoka Buguruni na Mabibo hadi Pugu. Mkulima wa Kilosa au Lushoto ameshagharamia kuyaleta maji hayo mjini, nasi tunagharamia tena kuyatoa.

Hasara haiishii hapo. Taka zinazooza zikirundikwa kwa wingi mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya methani, ambayo huwaka kwa urahisi, na ndiyo sababu moja ya moto unaofuka majalalani. Gesi hiyo vilevile ni miongoni mwa zile zinazoongeza joto duniani. Maji meusi yanayochuruzika kutoka katika lundo huingia ardhini na kwenye vijito. Chupa, maboksi na makopo ambayo yangeweza kuuzwa yanachafuliwa na uozo huo na kupoteza thamani. Anayeumia zaidi ni yule ndugu yetu anayeinama juu ya lundo kuokota chupa moja moja, miguu yake ikikanyaga vioo na sindano.

Watu wengi husema kwamba dawa ya taka ni magari zaidi. Sipingi kwamba magari yanahitajika. Lakini naomba wasomaji wenzangu tufikiri kidogo. Kwa nini tunalazimika kutoa taka nyumbani kila siku mbili tatu? Sababu ni harufu, nzi na panya. Na nini kinachonuka? Chupa ya plastiki hainuki, boksi halinuki, kopo lililosuuzwa halinuki. Kinachonuka ni maganda na mabaki ya chakula. Kwa hiyo tukizitenga taka zinazooza, zile kavu zinaweza kukaa uani wiki nzima bila kumsumbua mtu, na lori likapita mara moja tu kwa wiki. Zile zinazooza, ambazo lazima zitoke mara kwa mara, hazihitaji lori wala safari ya kilometa 30. Zinahitaji guta au mkokoteni, na kiwanja kidogo katika kata cha kugeuzia mboji. Huo ndio moyo wa hoja yangu: kila aina ya taka ipewe siku yake, chombo chake na mahali pake.

Jambo hili si geni katika sheria zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa. Sheria hiyo imekwishatimiza zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, mahali pengi taka zote bado zinawekwa katika kiroba kimoja. Pengine unakuta mapipa mawili ya rangi mbalimbali yamewekwa mbele ya ofisi au kituo cha basi, mwananchi anajitahidi kutenga, kisha linakuja gari moja na kumimina mapipa yote mawili pamoja. Mwananchi akishaona hivyo mara moja, hatatenga tena, na hatuwezi kumlaumu. Mapipa yasitangulie kabla ya kuwapo utaratibu wa kuchukua kila taka peke yake na mahali pa kuipeleka.

Ziko hoja ambazo nimekuwa nikizisikia kila jambo hili linapozungumzwa, na napenda kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba wananchi wetu hawawezi kutenga taka, kwamba hawana elimu hiyo. Mimi sikubaliani nayo. Kwa miaka mingi Watanzania tumekuwa tukirudisha chupa tupu za soda dukani, na kreti zake, bila semina yoyote. Chupa ile ina thamani inayojulikana, kwa hiyo huioni ikielea mtaroni. Wafugaji wa mijini wanapita masokoni kukusanya maganda na majani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi wao. Vijana wanapita mitaani kununua chuma chakavu na chupa za plastiki kwa kilo. Huko kote ni kutenga taka, na kunafanyika kila siku. Tena tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili usafi na magonjwa, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Na tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wako waliosema haitawezekana. Ikawezekana, tukarudi kwenye vikapu na mifuko mbadala. Mwananchi akielezwa sababu, akaona na viongozi wanatimiza sehemu yao, hufuata.

Hoja ya pili ni kwamba viwanja vya mboji vitaleta harufu na nzi katika makazi. Hofu hii ina msingi, kwani mboji ikitengenezwa ovyo hunuka kweli. Lakini kinacholeta harufu ni taka kukosa hewa na kujaa maji. Dawa yake inajulikana na wakulima wengi. Taka mbichi zinachanganywa na vitu vikavu kama majani makavu, maranda ya mbao, mabua au pumba. Lundo linapewa ukubwa wa kutosha, angalau meta moja kila upande, ili liweze kupata joto. Linapindulliwa mara kwa mara ili hewa iingie, na linafunikwa mvua zinaponyesha. Lundo lililotunzwa vizuri hufikia joto la nyuzi 55 na zaidi, joto ambalo huua viini vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Baada ya miezi miwili au mitatu unapata udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua, na uzito wake ni pungufu ya nusu ya zile taka ulizoanza nazo. Nyama, mifupa na mafuta visitiwe humo, maana ndivyo vinavyoita panya na mbwa.

Hoja ya tatu ni kwamba mboji haina mnunuzi. Hapa nasema kwamba ubora ndio unaoamua. Mboji iliyotokana na taka zilizochanganywa ina vipande vya vioo, nailoni, hata betri, na hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayeitia kwenye mchicha wake. Mboji iliyotokana na taka zilizotengwa tangu jikoni ni mali. Bei ya mbolea ya viwandani ilipopanda duniani, Serikali ililazimika kutenga shilingi bilioni 150 kwa ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23. Sisemi kwamba mboji itachukua nafasi ya mbolea hiyo yote, la hasha. Virutubisho vyake ni vichache kwa kila kilo. Lakini inashikilia maji ardhini, inalainisha udongo, na inafanya mbolea ya dukani isipotee na mvua. Wakulima wa mboga wanaotuzunguka na wauza miche walio kandokando ya barabara zetu wote wanahitaji udongo mzuri. Mnunuzi wa kwanza awe halmashauri yenyewe, kwa bustani zake, shule zake na miti inayopandwa kila mwaka.

Hoja ya nne ni fedha. Jibu langu ni kwamba fedha tayari zinatumika, ila zinaishia kwenye moshi wa malori. Kila tani inayobaki katika kata ni tani ambayo haikusafirishwa. Halmashauri ipige hesabu ya gharama ya kupeleka tani moja jalalani, kisha sehemu ya fedha hiyo ilipwe kwa kikundi kinachoizuia tani hiyo isiende. Pia sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Je, ni vikundi vingapi vya wazoa taka vilivyopewa guta na mizani kwa mikopo hiyo?

Ndugu Mhariri, mifano ya hapa hapa nyumbani ipo. Katika kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, asasi ya Nipe Fagio pamoja na wazoa taka waliojiunga katika ushirika wameendesha ukusanyaji wa nyumba kwa nyumba ambapo taka hutengwa, na zile zinazooza hugeuzwa mboji. Huko Mabwepande, manispaa ya Kinondoni ilijengewa kituo cha mboji kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani, ambao una udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010, na kilikusudiwa kupokea taka za masoko tani 50 kwa siku. Hizo ni juhudi za kupongezwa. Lakini tani 50 ukizilinganisha na tani 4,000 utaona safari ilivyo ndefu, na kata moja kati ya kata zote za jiji haitoshi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakitajaa ikiwa tutaishia kwenye haba ya kwanza na kupiga nayo picha.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo.

Kwanza, tuanze na masoko. Huko taka ziko nyingi mahali pamoja, karibu zote zinaoza, na kuna uongozi wa soko unaojulikana. Kila soko kubwa liwe na sehemu ya kutupia taka zinazooza tu, iliyosakafiwa na kuezekwa, na mlinzi wa kuhakikisha kwamba hakuna nailoni inayoingia. Wafugaji wapewe nafasi ya kwanza kuchukua kilicho salama kwa mifugo, kinachobaki kiende kwenye mboji. Wako pia vijana wanaofuga funza wa nzi weusi kwa taka hizo hizo ili kupata chakula cha kuku na samaki, nao wakaribishwe.

Pili, kila kata ichague mtaa mmoja wa kuanzia. Mkutano wa mtaa uitishwe, wananchi waelezwe, na siku zipangwe: siku za taka zinazooza, na siku moja ya taka kavu. Ndoo mbili kwa kila nyumba zinatosha, hata kama ni ndoo kuukuu za rangi. Taka za hatari kama sindano, betri na balbu zilizovunjika ziwekwe peke yake. Wazoa taka wapewe haki ya kukataa ndoo iliyochanganywa, na mwenyekiti wa mtaa awaunge mkono wanapokataa. Mtaa huo ukifaulu kwa miezi sita, jirani zake wajifunze kwake.

Tatu, mkataba wa mzoaji ubadilike. Pale ambapo kazi imepewa kampuni au kikundi, mapato yake hutegemea ada ya kaya, na kila safari ya jalalani ni gharama kwake. Basi mkataba umpe nafuu anayepunguza mzigo, na umwadhibu anayechanganya taka zilizotengwa. Tangu jiji lilipoanza kushirikisha watu binafsi mwaka 1994, na vikundi vya wananchi kuanzia 1998, tumejifunza kwamba ada hulipwa vizuri pale ambapo huduma inaonekana. Mwananchi anayesubiri gari wiki tatu hatatoa ada kwa moyo.

Nne, waokota chupa na wazoa taka watambuliwe kama wafanyakazi. Hawa ndio walioanza kazi ya kuokoa mali zetu kabla hatujaijua kwa jina lolote. Wapewe glavu na viatu, wachanjwe dhidi ya pepopunda, na wapewe mizani ya haki wanapouza kwa wanunuzi wakubwa. Utaratibu mpya usiwe kisingizio cha kuwafukuza na kuleta kampuni yenye magari mapya. Wao ndio wapewe kazi ya kwanza katika vituo vya kata.

Tano, pawe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwezi ofisi ya mtaa ibandike ukutani: taka kiasi gani zilikusanywa, kiasi gani kiligeuzwa mboji, chupa kilo ngapi ziliuzwa, ada kiasi gani ilipokelewa na ilitumikaje. Mwananchi akiliona daftari hilo atajua kwamba ndoo yake ya maganda imefanya kazi, na kiongozi asiyewajibika atajulikana mapema.

Naandika haya kwa sababu gharama ya kuchelewa tunaijua. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 katika jiji letu kilienea hadi mikoa mingi na kuua watu, na uchafu wa mazingira pamoja na maji yasiyo salama ndivyo vilivyokibeba. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliwaua watu na kuwaacha wengine bila makazi. Mvua ilikuwa kubwa mno, lakini mifereji iliyozibwa na taka haimsaidii mtu yeyote siku ya mvua. Zaidi ya hapo, miji kama Mwanza, Mbeya, Arusha na Dodoma inakua sasa kama Dar es Salaam ilivyokua jana. Ikiwa itaanza kutenga taka leo, wakati majalala yao hayajawa milima, itaepuka safari yetu ya Tabata, Vingunguti, Mtoni hadi Pugu. Wenzetu wa Moshi, ambao mji wao umejijengea sifa ya usafi kwa miaka mingi, wanatuonyesha kwamba usafi ni desturi inayolelewa kwa sheria ndogo zinazofuatwa kila siku. Siku moja ya ufagio kila mwisho wa mwezi ni jambo jema, ila peke yake haitoshi.

Nawaomba waheshimiwa madiwani watakaposoma barua hii walichukue jambo moja tu na kulipeleka katika kikao kijacho cha bajeti: ni shilingi ngapi halmashauri yao inatumia kusafirisha taka zinazooza kwa mwaka, na fedha hizo zingejenga vituo vingapi vya mboji katika kata? Wakishaipata hesabu hiyo watuletee wananchi kwenye mikutano ya mitaa. Sisi kwa upande wetu, tuanze na ndoo ya pili jikoni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam.